Kifuniko cha Tangi la Mafuta: Kinachoingia si Lazima Kiwe Kinachofaa

Swali: Gari langu la petroli linanuka mafuta upande wa nyuma kila ninapoliegesha juani, na sasa taa ya injini imewaka na haizimi. Fundi alilisoma kwa mashine, akapata msimbo P0457, akaniambia ninunue kifuniko kipya cha tangi la mafuta. Nimeona vifuniko vingi vinavyofanana na changu, vingine rahisi, vingine ghali mara kadhaa. Je, naweza kukibadilisha mwenyewe nyumbani, na kifuniko chochote kinachoingia kwenye mdomo wa tangi kitafaa?

Jibu: Ndugu msomaji, sehemu ya kwanza ya swali lako haina uzito mkubwa. Ndiyo, unaweza kukibadilisha mwenyewe, na kazi yenyewe ya mikono haizidi dakika chache wala haidai vifaa vya gereji. Sehemu ya pili ndiyo yenye mambo, kwa sababu kifuniko kinaweza kuingia vizuri, kikazunguka na kukaza kama kawaida, na bado kisiwe kinachofaa kwa gari lako. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye uchaguzi na ukaguzi kuliko kwenye kufungua na kufunga.

Wengi hukiona kifuniko cha tangi kuwa kizibo tu cha kuzuia mafuta yasimwagike na vumbi lisiingie. Katika magari ya zamani ndivyo kilivyokuwa kwa sehemu kubwa: vingi vilikuwa na tundu dogo la kupumulia, hewa ikaingia kadiri mafuta yalivyopungua, na mvuke ukatoka nje kadiri tangi lilivyopata joto. Hali ilibadilika pale sheria za hewa safi zilipouhesabu mvuke huo kuwa uchafuzi. Jimbo la California lilianza kudai udhibiti wake kwa magari ya mwaka 1970, na Marekani nzima ikafuata kwa magari ya mwaka 1971. Tangu hapo watengenezaji walianza kuupitisha mvuke wa tangi kwenye mkebe uliojazwa mkaa maalumu, ambao huunasa mvuke huo gari likiwa limesimama, kisha injini ikiwaka huunyonya na kuuchoma pamoja na mafuta mengine. Mfumo wa namna hiyo hauwezi kufanya kazi ukiwa na upenyo, na kifuniko ndicho sehemu yake pekee inayofunguliwa na kufungwa na mkono wa mtu kila mara mafuta yanapojazwa. Si ajabu basi kwamba ndicho kinachochoka mapema.

Msimbo P0457 una maana kwamba kompyuta ya gari imegundua uvujaji wa mvuke wenye dalili za kifuniko kilicholegea au kisichokuwepo. Jamaa zake ni P0455, unaoashiria uvujaji mkubwa, P0442, unaoashiria uvujaji mdogo, na P0456, unaoashiria uvujaji mdogo sana. Kompyuta hupata habari hizo kwa kuufunga mfumo mzima kwa muda, kutengeneza ombwe, yaani upungufu wa hewa, au shinikizo dogo ndani yake, kisha kutazama kama hali hiyo inadumu. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani baada ya mwaka 1996, ulipoanza kutumika kwa lazima mfumo wa pamoja wa kujichunguza, yana uwezo wa kugundua tundu la milimita 1, na ya baadaye hata la nusu milimita. Ukitafakari ukubwa huo utaelewa kwa nini ufa usioonekana kwa jicho la haraka kwenye mpira wa kifuniko unatosha kuiwasha taa.

Hata hivyo, si kila gari lina jaribio hilo. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa masoko mengine yana mkebe wa mkaa lakini hayajipimi uvujaji, na hayo yanaweza kutembea miaka na kifuniko kibovu bila taa yoyote kuwaka. Kwa mwenye gari la namna hiyo, harufu kama unayoisikia wewe ndiyo dalili ya pekee. Jambo jingine la kutenganisha mapema: taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima mfululizo badala ya kutulia, hiyo haihusiani na kifuniko. Mara nyingi inaashiria kwamba silinda mojawapo haichomi mafuta ipasavyo, na gari halifai kuendelea kuendeshwa kwa nguvu katika hali hiyo.

Kabla ya kununua chochote, kikague kifuniko ulichonacho, kwa kuwa huenda hakina kosa kubwa. Kifungue, kigeuze, ukitazame chini ya mwanga mzuri. Sababu ya kwanza ya kutafuta ni ile ambayo watu huisahau kuliko zote, yaani ugwe wa plastiki unaokishikilia kifuniko kisipotee. Ugwe huo ukilalia ukingo wa mdomo wa bomba wakati wa kufunga, mpira hukaa juu yake badala ya kukaa kwenye chuma, na upenyo unabaki pale pale ingawa kifuniko kimekaza. Hali hiyo ina alama yake: mkwaruzo au mfinyo mmoja unaokatiza mpira kwa upana. Ukiiona, funga upya kwa uangalifu, ugwe ukiwa pembeni, uliendeshe gari siku kadhaa kabla ya kutoa fedha yako.

Baada ya hapo uangalie mpira wenyewe. Mpira mzima ni laini, una mviringo uliojaa, na ukiubonyeza kwa ukucha unarudi mahali pake. Mpira uliochoka huwa bapa upande unaogusana na mdomo, unang'aa kama uliopigwa pasi, na ukiukunja kidogo kwa vidole vyanzo vya nyufa hujitokeza kama mistari myembamba ambayo haikuonekana ulipokuwa umelala. Zungusha kidole mzunguko wote, maana mara nyingi ufa uko mahali pamoja tu. Kisha uangalie meno ya plastiki au masikio ya kufungia kama yamelika, na usikilize kifuniko kinapokazwa. Kile chenye utaratibu wa kulia ta-ta-ta kina kifaa ndani kinachozuia usikikaze kupita kiasi. Kikiwa kinalia kabla hakijabana, au kinazunguka bila kulia wala kukaza, kimekwisha.

Baadhi ya watu huuliza kama wanaweza kununua mpira peke yake. Kwa vifuniko vingine mpira huuzwa, lakini mimi sishauri, kwa sababu mbili. Mpira wa kawaida, kama ule wa mabomba ya maji, huvimba na kulainika ukikutana na mvuke wa petroli, hivyo unaweza kuonekana umefaa leo na ukaharibika baada ya muda mfupi. La pili ni kwamba ndani ya vifuniko vingi kuna valvu ndogo yenye springi, nayo imezeeka sawasawa na mpira.

Valvu hiyo ndiyo inayotufikisha kwenye kiini cha swali lako. Kifuniko cha gari lenye mfumo uliofungwa hakipumui katika hali ya kawaida. Valvu yake huruhusu hewa kuingia iwapo tu ombwe ndani ya tangi limezidi kiasi fulani, na nyingi pia huruhusu mvuke kutoka iwapo shinikizo limezidi, ili tangi lisidhurike njia ya kawaida ya hewa ikiziba. Kifuniko cha gari la zamani lisilo na mfumo huo kina kazi ya kinyume, yaani kupumua muda wote. Kwa macho na kwa mkono viwili hivi vinaweza kufanana kabisa. Ukiweka kile kinachopumua kwenye gari lako, harufu itaendelea na taa itarudi, kwa kuwa umefunga mdomo kwa kitu chenye tundu. Ukiweka kisichopumua kwenye gari la zamani ambalo halina njia nyingine ya hewa, pampu itakuwa inavuta mafuta huku ombwe likiongezeka nyuma yake, mpaka gari lianze kukosa nguvu na kuzima baada ya mwendo fulani, kisha liwake vizuri baada ya kupumzika. Gari lenye tabia hiyo hupimwa kwa urahisi: likizima, fungua kifuniko na usikilize. Hewa ikiingia kwa mvuto mkubwa na gari likawaka mara moja, tatizo liko kwenye upumuaji wa tangi. Mluzi mdogo wa hewa wakati wa kufungua ni jambo la kawaida katika magari mengi na haupaswi kukutia hofu.

Kwa sababu hiyo, usichague kifuniko kwa kutazama picha wala kwa kulinganisha upana wa mdomo pekee. Njia ya uhakika ni namba ya kipuri, ambayo mara nyingi imechapwa kwenye kifuniko chenyewe, upande wa juu au wa ndani. Namba hiyo ikiwa imefutika, tumia namba ya chasisi kumwezesha muuzaji wa vipuri kuitafuta. Kutaja aina ya gari na mwaka peke yake huweza kupotosha, kwa maana modeli moja inaweza kuwa na injini ya petroli na ya dizeli, au kuwa imetengenezwa kwa masoko mawili yenye kanuni tofauti, na vifuniko vikatofautiana. Vikiwa vyote viwili mkononi, viweke sambamba na ulinganishe urefu wa sehemu inayoingia ndani, idadi na mlalo wa meno au umbo la masikio, unene wa mpira, na umbali kati ya mpira na sikio la kufungia. Umbali huo ndio unaoamua mpira utabanwa kiasi gani. Tofauti ya milimita moja hapo ina madhara kuliko tofauti ya rangi au maandishi ya juu.

Kuhusu bei, kifuniko cha mtengenezaji wa gari si lazima. Vipo vya watengenezaji wengine wa vipuri wanaoaminika, vilivyotajwa waziwazi kuwa ni vya modeli yako na vya mfumo uliofungwa, na hivyo hufanya kazi vizuri. Ninachokipinga ni kile kinachouzwa kuwa kinaingia magari yote. Kitu kinachotaka kufaa kila mdomo kwa kawaida hakibani mdomo wowote kwa usahihi unaotakiwa na jaribio la nusu milimita. Kifuniko cha ufunguo kina faida yake mahali ambapo mafuta huibwa, lakini nacho kichaguliwe kwa namba kama kingine. Na ufunguo wake ukipotea, usijaribu kukitoboa kwa mashine ya umeme juu ya mdomo wa tangi. Mwite fundi mwenye njia ya kukitoa bila cheche.

Kabla ya kuanza kazi, zingatia unachoshughulika nacho. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya takriban nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna hali ya hewa inayoufanya uwe salama. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, hivyo hushuka na kutambaa sakafuni, na asilimia 1.4 tu ya mvuke katika hewa inatosha kuwaka. Fanya kazi mahali pa wazi, si ndani ya banda lililofungwa, mbali na jiko, sigara, mashine ya kuchomelea au hita ya maji yenye mwali, hata kama viko mita kadhaa kutoka ulipo. Zima injini, iache ipoe, na uguse sehemu ya chuma ya bodi ya gari kwa mkono mtupu kabla ya kugusa mdomo wa tangi ili umeme tuli wa mwilini mwako uondoke mapema. Wakati unaofaa ni asubuhi, kabla jua halijaongeza shinikizo ndani ya tangi. Gari likiwa la mseto, yaani la petroli na umeme, lenye tangi la shinikizo, kwanza bonyeza kitufe cha kufungulia mlango wa mafuta, usubiri kompyuta iruhusu, kwani hapo shinikizo hutolewa kwa utaratibu.

Fungua mlango mdogo wa mafuta, kisha zungusha kifuniko kinyume cha mwendo wa saa, polepole, ukitulia kidogo unaposikia hewa ikitoka. Kikishatoka, kiachie kining'inie na uangalie ugwe umefungwaje. Kwa kawaida upande mmoja una pete inayozunguka shingo ya kifuniko, na upande wa pili una kichwa cha plastiki kilichosukumwa ndani ya tundu dogo kwenye mlango au pembeni ya mdomo. Kabla ya kukivuta kichwa hicho, ziba mdomo wa bomba kwa muda kwa kukirudisha kifuniko cha zamani bila kukikaza, kama ugwe unaruhusu, ili kipande cha plastiki kikikatika kisidondokee ndani. Kisha kishike kichwa cha ugwe karibu kabisa na tundu, kizungushe kidogo na ukivute moja kwa moja. Kikigoma, kiinue kwa kipande cha plastiki ngumu badala ya bisibisi ya chuma, ambayo huchubua rangi na kuacha mahali pa kutu kuanzia.

Sasa ufike kwenye hatua ambayo watu wengi huiruka, nami naiona kuwa nusu ya kazi nzima: kuukagua mdomo wenyewe. Mpira mpya juu ya mdomo mbovu ni fedha iliyotupwa. Futa ukingo wote kwa kitambaa safi kikavu kisichoacha nyuzi, ukifuta kuelekea nje ili uchafu usiingie ndani. Ukingo mzima huonyesha mstari laini unaong'aa pale mpira ulipokuwa ukikaa, na mstari huo unapaswa kuzunguka bila kukatika. Ukikatika, hapo ndipo mvuke ulipokuwa ukipita. Tafuta chembe za kutu, mbonyeo uliotokana na kugongwa na bomba la kujazia mafuta, na rangi iliyobanduka. Vumbi la kutu lililo juu juu linaweza kufutika. Kutu iliyochimba chuma haiondoki kwa kusugua, na usithubutu kutumia msasa au brashi ya chuma mahali hapo, kwa sababu ya cheche na kwa sababu unga wake utaingia kwenye mafuta. Mdomo ulioliwa hivyo unahitaji bomba jipya, na hiyo ni kazi ya fundi.

Ukiwa umeridhika na mdomo, shindilia kwanza kichwa cha ugwe mpya kwenye tundu lake, uhakikishe kinazunguka bila kukunjika, ndipo ulete kifuniko. Usipake mpira grisi, mafuta wala vaselini, kwani baadhi ya mipira huvimba na vumbi hushikamana nayo. Uache mkavu kama ulivyotoka kwenye pakiti. Kifuniko cha meno kizungushwe kwanza kinyume, taratibu, mpaka uhisi kimeshuka kidogo chenyewe. Hapo meno yamekutana, na sasa unaweza kukaza kufuata mwendo wa saa bila hofu ya kuyavusha upande. Kikianza kuwa kigumu mapema, usikilazimishe. Kirudishe uanze upya. Kaza mpaka kilie kama mtengenezaji alivyoelekeza, mara moja au mara tatu kutegemea gari, na kile cha masikio kizungushwe mpaka kifike mwisho wake. Mwishoni pitisha kidole kuzunguka kifuniko kuhakikisha ugwe haujabanwa.

Taa haitazima papo hapo, na hilo lisikufanye ukione kifuniko kipya kuwa kibovu. Kompyuta hurudia jaribio la uvujaji katika hali maalumu tu, kwa kawaida gari likiwa limelala saa kadhaa hadi likapoa na mafuta yakiwa kati ya takriban asilimia 15 na 85 ya tangi. Mara nyingi hutaka majaribio matatu mfululizo yafaulu kabla ya kuzima taa yenyewe, hivyo inaweza kuchukua siku kadhaa au zaidi kulingana na unavyoliendesha. Kwa hiyo usijaze tangi mpaka pomoni mara tu baada ya kubadilisha. Kwa kweli usilijaze hivyo wakati wowote: kuongeza mafuta baada ya bomba la kituo kujikata huweza kusukuma petroli ya majimaji hadi kwenye mkebe wa mkaa, na mkaa ulioloa hauwezi kunasa mvuke ipasavyo. Unaweza pia kuufuta msimbo kwa mashine, lakini kuchomoa betri ili kuufuta ni njia mbaya, kwa kuwa hufuta na kumbukumbu nyingine za kompyuta.

Wakati unasubiri kifuniko kipya, gari linaweza kuendeshwa safari za lazima ikiwa kile cha zamani bado kinafunga, japo kinavuja mvuke. Kama hakipo kabisa, usizibe mdomo kwa tambara au mfuko wa plastiki. Tambara huloa mvuke na kuwa utambi, na mfuko huzalisha umeme tuli na kuchanika vipande vinavyoishia kwenye chujio la pampu.

Taa ikirudi na msimbo ule ule au ukiwa P0455, au harufu ikiendelea ingawa kifuniko ni sahihi na mdomo ni mzima, uvujaji uko mahali pengine: kwenye bomba la mpira linalounganisha mdomo na tangi, kwenye valvu za mkebe wa mkaa, au kwenye mkebe wenyewe. Na ukiona petroli ikidondoka chini ya gari, usiliwashe kabisa, kwa sababu hapo si suala la mvuke tena. Katika hali nyingine zote lipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kupuliza moshi ndani ya mfumo, umweleze kwamba kifuniko na ukingo wa mdomo vimeshashughulikiwa na umpe namba ya msimbo uliopatikana, ili aanze na jaribio la moshi badala ya kukuuzia kifuniko cha tatu.